Ishmael Wepukhulu Nalianya, Fundi wa Visahani vya Majivu, 1934–1984

Ndugu wa ukoo, majirani wa Gatwekera na wa Kawangware, mafundi wenzake, wazee wa kanisa mliofika, na wewe shemeji yangu Sella, mimi ni Naftaly Nalianya, ndugu mkubwa wa marehemu, baba mmoja mama mmoja, na familia imeniomba niwasomee habari za maisha yake hapa uani kabla gari halijaondoka kwenda makaburi ya Lang'ata. Jana jioni kamati ya kanisa iliniletea karatasi iliyopigwa taipu vizuri, nami nimeisoma mara mbili, na sitaisoma hapa, kwa sababu ina mambo mawili ambayo si ya kweli. La kwanza, inasema kwamba ndugu yangu alikuwa fundi wa "vyombo mbalimbali". La pili, inasema kwamba alitubu. Hii ninayoisoma nimeiandika mwenyewe, na nitawaomba mnivumilie, kwa sababu ninaisoma nikiwa na hasira, na umri wangu hauniruhusu kuificha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 karibu na Kimilili, katika wilaya iliyoitwa North Kavirondo wakati huo na ambayo leo ni Bungoma, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yona Nalianya na Mama Nereah, ambao wote wawili wametangulia. Wepukhulu ni jina la babu yetu, na Ishmael ni jina alilopewa na mwalimu siku ya kuandikishwa shule. Karatasi ya kamati imeandika "Ismail", ambalo ni jina zuri la watu wengine, si lake, kwa hiyo nalisahihisha hapa mbele yenu. Mtu aliyekaa katika kanisa moja tangu mwaka wa 1955 angestahili jina lake liandikwe sawasawa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1942 hadi mwaka wa 1949, akafika darasa la sita, akawa hodari wa kazi za mikono na wa kuimba, na alichapwa mara nyingi kwa kosa la kujibu. Ndugu yangu hakuwa mnyenyekevu, na asije mtu hapa akasimama akasema alikuwa mnyenyekevu, maana msibani kila mtu hugeuzwa kuwa mpole. Alikuwa mtu wa maneno makali, mwenye kiburi cha kazi yake, mcheshi kupita kiasi, na alipoona jambo limekaa upande hakuweza kulinyamazia.

Alikuja Nairobi mwezi wa Februari 1955, akaajiriwa katika karakana ya Bwana Premji kule Eneo la Viwanda, na huko ndiko alikojifunza kumimina alumini. Kwa wale wasioijua kazi hiyo, fundi huyeyusha sufuria mbovu na pistoni za injini katika chungu juu ya tanuri, kisha humimina uji wake ndani ya kalibu ya mchanga mweusi, na ukipoa hupata mguu wa jiko, mkono wa dirisha, au chombo kingine chochote ambacho kalibu imekiamuru. Alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na moja bila kufukuzwa, jambo ambalo kwa ulimi wake lilikuwa si dogo.

Tarehe 20 Desemba 1958, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa kanisani na Sella, ambaye yuko hapa mbele yetu, na Mungu aliwajalia watoto watatu: Rodah Nabwile, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1959, Nereah, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1963 akapewa jina la mama yetu, na Elam, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1968. Kamati imeandika kwamba marehemu "ameacha watoto wawili". Ni kweli ameacha wawili, lakini alizaa watatu, na bila huyo wa tatu hakuna mtu anayeweza kuielewa kazi ya ndugu yangu, ndiyo maana nashangaa kwamba yeye na kazi hiyo wamefutwa kwa pamoja.

Mwaka wa 1966 familia ilikuwa ikikaa hapa Kibera, upande wa Sarang'ombe, katika nyumba ndefu ya udongo na mabati yenye vyumba vingi, na kati ya chumba na chumba palikuwa na fito zilizofunikwa kwa magunia na magazeti yaliyobandikwa kwa uji wa unga. Katika chumba kilichopakana na chao alikaa Mzee Gerishon, bawabu wa usiku, mtu mwema aliyelala mchana kama kazi yake ilivyomlazimu. Siku ya Jumanne tarehe 15 Machi, mchana, Mzee Gerishon alijilaza akiwa na sigara, akaiegesha kwenye ukingo wa kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, kama watu wote walivyokuwa wakifanya, akapitiwa na usingizi. Sella alikuwa amekwenda bombani kuteka maji, amemwacha Nereah amelala. Waliporudi na ndoo, yeye na wanawake wenzake, nyumba yote ilikuwa imeshika moto. Mzee Gerishon alikufa humo, naye Nereah alikufa humo, akiwa hajatimiza miaka mitatu, na wazee wa kanisa letu, baadhi yao wako hapa, ndio waliomzika pale Lang'ata, na wakaomba vizuri sana.

Ndugu yangu hakumlaumu Mzee Gerishon hata siku moja. Alikilaumu kifuniko. Wiki ileile aliokota kile kifuniko majivuni, akakaa nacho kwa muda mrefu, kisha akanionyesha jambo ambalo mimi, niliyekuwa nikivuta sigara wakati huo, sikuwahi kuliona. Sigara ukiiegesha ukingoni, upande wa moto ukiwa ndani na upande wa mdomo ukiwa nje, inavyoendelea kuungua ule upande wa ndani unageuka majivu na kuwa mwepesi, na ule wa nje unabaki na uzito wake, mwisho inapinduka kama mizani, inaangukia nje, juu ya godoro, bado ina moto. Akaniambia, "Naftaly, visahani vyote vya mji huu vimetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kulala." Mwezi uliofuata aliacha kazi kwa Bwana Premji, akaenda Kawangware, akapanga kibanda nyuma ya ploti ya Bwana Chege Gachanja, akajenga tanuri lake mwenyewe.

Hapo alitengeneza visahani vya majivu ya sigara, vile ambavyo vijana wanaviita ashtrei. Nalitamka neno hilo kwa sauti ili wote mlisikie, kwa sababu kamati imeona haya kulitamka. Hakutengeneza "vyombo mbalimbali". Kwa miaka kumi na minane alitengeneza chombo kimoja, akakirekebisha, akakiyeyusha, akakimimina tena, na kila aliyekiona alikijua kuwa ni chake. Hakikuwa na pa kuegeshea sigara ukingoni hata kidogo, ukingo wake ulikuwa mrefu na umepinda kuelekea ndani, na katikati yake paliinuka mgongo wenye mifuo mitatu, myembamba, ya kina cha pingili moja ya kidole. Sigara ililala katika mfuo huo, ncha zote mbili zikiwa ndani ya chombo, hivyo ikipinduka upande wowote haina pa kwenda, na moto ukifika kwenye mfuo, alumini inanyonya joto lake pande zote mbili, unakosa hewa, unakufa.

Upana wa ule mfuo ndio uliomsumbua. Ukiwa mpana, sigara inaungua hadi mwisho kana kwamba hakuna kitu, na ukiwa mwembamba mno, mlevi anaivunja akijaribu kuipachika, kisha anaiweka mezani kwa hasira. Ilimbidi ajaribu kwa sigara za kweli, za unene mbalimbali, naye hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Basi alichukua pampu ya baiskeli, akaigeuza ile ngozi ya ndani ili ivute hewa badala ya kuisukuma, akachomeka sigara kwenye mpira wake, akawa anaivutisha pampu moshi kibandani, na mafundi wenzake wakawa wanapita kumtania, "Fundi, pampu yako imeanza kukohoa!" Naye anawajibu, "Hiyo ni afadhali ikohoe yenyewe." Sigara hizo alikuwa akizinunua moja moja kwenye kioski, mchana, bila kujificha, na watu wa kanisa walikuwa wakimwona. Hakuna aliyemuuliza. Walikwenda kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Mtu wa kwanza kukichukua chombo chake alikuwa Bwana Gachanja, mwenye ploti, ambaye alikuwa pia na baa upande wa barabarani, na ambaye ameketi pale nyuma na fimbo yake. Yeye mwenyewe amenisimulia. Ishmael alikiweka mezani, Bwana Gachanja akakitazama akamuuliza, "Hii ni sahani ama ni mtego wa panya?" Ishmael akasema, "Weka sigara yako, uende zako." Bwana Gachanja akaweka sigara, akaenda nje kugombana na watu wa kuleta kreti za bia, aliporudi akapaza sauti baa nzima, "Ni nani amezima fegi yangu?" Ishmael akamwambia, "Imejizima. Ulikuwa umeisahau." "Wee! Na kama ningetaka kuimaliza?" "Ungekaa nayo." Bwana Gachanja akacheka, akatazama meza zake, zilizotobolewa matundu ya moto kwenye kila kitambaa cha plastiki, akaagiza vya meza zote.

Jina la chombo hicho walilitoa wanywaji, si ndugu yangu. Kwa kuwa sigara ikiingia haitoki, walikiita rumande. Mtu alimwita mhudumu, Wangoi, akisema, "Wangoi, leta rumande hapa, huyu amekamatwa," na mwingine kwenye meza ya pili anadakia, "Amepewa dhamana?" na Wangoi anajibu akikiweka mezani, "Hapana dhamana, huyu anakaa mpaka awe majivu." Ndivyo walivyocheka, na wakicheka walikuwa wakizima moto mahali pake. Kutoka Kawangware rumande zilikwenda Dagoretti, zikaja hapa Kibera, na wanawake wengi walizinunua kwa ajili ya waume zao walalao na sigara. Sitawaambia zimezuia mioto mingapi, kwa sababu moto usiotokea hauna shahidi, na huo ndio udhaifu wa kazi aliyoichagua ndugu yangu, kwamba ikifaulu hakuna kinachoonekana.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kamati ilitaka nilipite.

Siku ya Jumapili tarehe 9 Agosti 1970, katika mkutano wa mwezi wa kanisa letu, Mzee Simeon Murunga, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati wakati huo na ni mwenyekiti hata leo, alisimama na kumwita ndugu yangu mbele. Mzee Murunga alikuwa amesikia, kutoka kwa mtu ambaye naye alisikia, kwamba Wepukhulu ana rumande Kawangware, na kwa kuwa yeye hakuwahi kuingia baa, jambo ambalo namsifu nalo, alidhani hiyo Rumande ni jina la nyumba ya ulevi na mambo mengine. Akamuuliza, "Ndugu Ishmael, ni kweli una rumande kule Kawangware?" Ndugu yangu akafurahi sana, akadhani kazi yake imefika kanisani, akajibu, "Ni kweli mzee, na si moja, kwa Gachanja peke yake ziko ishirini na nne." "Na ziko baa?" "Sasa ningeziweka wapi mzee, hapa kanisani?" "Na ni watu gani wanaoingia humo?" Hapo ndugu yangu alielewa wamefika wapi, na mtu mpole angelimaliza jambo lile papo hapo kwa maneno mawili, lakini yeye akasema, uso mkavu, "Wa kila namna, mzee. Wembamba, wanene, wenye kichungi na wasio na kichungi. Wote wanaingia wakiwa na moto, na hakuna anayetoka." Mama mmoja akalia, "Yesu wangu!" Ndipo ndugu yangu akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa kazi, akatoa kisahani, akakiinua juu watu wakione. Kicheko kilianzia upande wa kina mama, kikavuka kwa wanaume, hata mhubiri alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, na mtu mmoja tu katika nyumba ile hakucheka.

Sisemi kwamba ndugu yangu alifanya vema kumwacha mzee aendelee kuuliza. Nasema kwamba kosa la kucheka lilikuwa letu sote, na adhabu alipewa mmoja. Mkutano wa mwezi uliofuata, tarehe 13 Septemba 1970, shtaka la nyumba ya ulevi lilikwisha kufutika lenyewe, basi likaletwa lingine, kwamba Ishmael Wepukhulu anatengeneza chombo cha tumbaku, na kwamba mwenye kuiandalia dhambi mahali pa kukaa ameikaribisha dhambi. Ndugu yangu alijibu kwa ukali, nami nayaandika maneno yake kama yalivyokuwa: "Mzee, aliyechimba choo hakuwafundisha watu kula. Mimi sikumwonyesha mtu yeyote pa kuwashia, nimemwonyesha pa kuzimia." Akaambiwa aache kazi hiyo na asimame mbele ya kanisa atubu. Akauliza, "Nitubu nini? Kwamba haikuanguka kitandani?" Akatengwa. Alitengwa na watu walewale waliosimama kando ya kaburi la Nereah, walioshika udongo wa kaburi lile kwa mikono yao, waliojua ni moto gani na ulitoka wapi. Kama wangekuwa wageni ningenyamaza. Hawakuwa wageni.

Miaka kumi na minne tangu siku hiyo, ndugu yangu alikwenda kanisani kila Jumapili na hakuingia. Alikaa nje, kwenye jiwe chini ya dirisha la tatu upande wa kwaya, akiwa na suti yake, akaimba besi. Mwalimu wa kwaya, Ndugu Elijah, ambaye naye ni marehemu, aliacha dirisha lile wazi mvua ikinyesha na jua likiwaka, na wageni waliotutembelea walikuwa wakisifu besi ya kwaya yetu bila kuona iko wapi. Kanisa liliipokea sauti yake, likakataa kumpokea mwenyewe.

Na tarehe 8 Desemba 1979, siku ya Jumamosi, Rodah alipoolewa, kamati ilisema kwamba aliyetengwa hawezi kumwingiza bibi harusi kanisani. Mimi ndiye niliyemshika mkono Rodah, nikamwingiza, mtoto wa mtu aliye hai, baba yake yuko hatua chache nje ya ukuta, na Rodah alikuwa akilia, na walioketi mbele wakasema ni furaha. Ndugu yangu hakulizungumzia jambo hilo kamwe. Siku ya Jumatatu alirudi kwenye tanuri. Wiki ile aliingia baa moja huko Kawangware akakuta visahani vya kuigiza, fundi fulani ameipanua mifuo ili imiminike kwa urahisi, sigara zinaungua humo hadi mwisho, akavikusanya vyote mikononi mwake huku mwenye baa akipiga kelele, akaenda kuviyeyusha, akamrudishia mwenye baa idadi ileile vikiwa vimetengenezwa sawasawa. Huyo ndiye mtu ambaye karatasi ya kamati inasema "alijishughulisha na vyombo mbalimbali".

Mwaka wa 1976 alikuwa amehamia hapa Gatwekera na Sella na watoto, tanuri lake likabaki Kawangware, naye akawa anakwenda na kurudi kwa miguu. Kuanzia mwaka wa 1982 alianza kukohoa. Alilazwa hospitali ya serikali tarehe 24 Septemba mwaka huu, na daktari alitueleza waziwazi, mbele ya Sella na mbele ya Elam, kwamba mapafu yake yameharibiwa na moshi wa tanuri, wa rangi na mafuta machafu yanayoungua chuma chakavu kinapoyeyushwa. Pamoja na hayo, nje ya wodi ileile nilisikia kwa masikio yangu mzee mmoja akimwambia mwenzake kwamba tumbaku hailei mtu. Nilimwambia, na namwambia tena leo, kwamba marehemu hakuwahi kuvuta sigara, iliyovuta ni pampu.

Jumamosi tarehe 6 Oktoba, wakati wa kuwatazama wagonjwa, Mzee Murunga alifika na wazee wawili, wakasimama kukizunguka kitanda. Nilikuwepo, nimesimama upande wa miguu. Waliomba kwa muda mrefu, kisha Mzee Murunga akainama akamuuliza kama yuko tayari kutubu ili kanisa limpokee tena, na akasema kwamba kama hawezi kusema, atoe ishara. Siku ile ndugu yangu alikuwa akitafuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, na wazee watatu walikuwa wamesimama kati yake na dirisha. Aliinua mkono. Mzee Murunga akasema, "Haleluya," wakashikana mikono, wakaondoka wakiwa na furaha. Walipotoka nilimsogelea, naye akasema, kwa sauti ndogo, akipumzika kila baada ya neno, "Nilikuwa naomba waondoke hapo dirishani. Wao wakahesabu kura." Akacheka, kikohozi kikamkamata, muuguzi akaja. Alipotulia aliniambia jambo la mwisho nililolisikia kwake lenye maana kamili: "Naftaly, usikubali wanitubie."

Wengi wenu hamkusoma shule tuliyosoma sisi, ambako tulichapwa kwa ajili ya kitenzi, kwa hiyo nitalieleza. Kutubu ni jambo moja na kutubiwa ni lingine. Kutubu ni kazi ya mwenye kosa, kwa kinywa chake, akilijua kosa lake. Kutubiwa ni kazi ya watu wengine, na mwenyewe anaweza kuwa amelala, au amekufa, au anaomba hewa. Ndugu yangu hakutubu. Alitubiwa, na hata hilo lilifanyika kwa makosa ya macho.

Aliaga dunia siku ya Jumatano tarehe 10 Oktoba 1984, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka hamsini na miezi saba kasoro, Sella akiwa ameshika mkono wake.

Mtauliza kwa nini hatumpeleki Kimilili, alikozikwa baba yetu, kama desturi yetu inavyotaka, na kuna wazee wa ukoo ambao wamekasirika. Ni yeye aliyeomba alale Lang'ata, karibu na Nereah, ambaye hakuwa na mtu wa kwao huko kwa miaka kumi na minane. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba yetu, nami nimekubali, na neno hilo limekwisha.

Jana jioni, Mzee Murunga alipoleta ile karatasi, alituambia kwamba ikisomwa kama ilivyo, kwaya itaimba na kanisa litamzika kama ndugu aliyerudi, na kama haisomwi, kanisa halina neno la kusema kaburini. Nilimtazama Sella, kwa sababu yeye ndiye mjane, na yeye ndiye atakayebaki na majirani hao na kanisa hilo sisi tukishakwenda zetu, na kama angeniomba nisome karatasi ile, ningeisoma, na ingenichoma koo hadi kufa kwangu. Sella alikuwa akipepeta unga wa mahindi ya manjano. Hakuacha kupepeta. Alisema, "Shemeji, soma ya kweli. Nimekaa kwenye benchi la wanawake miaka kumi na minne mume wangu akiwa nje. Wakitaka kutoka wao leo, uani kwangu ni kupana."

Basi nimesoma ya kweli. Mzee Murunga, nakuheshimu kwa umri wako, na sikuiti mwongo, naamini uliona mkono ukiinuka na ukatamani sana uwe ule uliokuwa ukiusubiri. Lakini hukuuliza mara ya pili. Kama wewe na kamati yako mtaona haifai kuendelea nasi, majirani wawapishe njia kwa heshima, pasiwe na mtu wa kuzomea. Kama mtabaki, mbaki mkijua ni nani mnayemzika. Kaburi limekwisha kuchimbwa na vijana wa hapa Gatwekera na mafundi wa Kawangware, nyimbo tunazijua, na Elam ana sauti ya baba yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari waliomhudumia, na hasa Muuguzi Wamuyu, ambaye alikisogeza kitanda chake karibu na dirisha bila kuombwa na mtu. Tunawashukuru majirani, walioleta unga, kuni na maji, katika mwaka huu ambao kila mtu anajua unga unapatikana kwa taabu gani. Tunawashukuru mafundi wenzake, ambao jana walizima matanuri yao kwa heshima yake, na Bwana Chege Gachanja, aliyetoa gari, na ambaye aliniuliza kama inafaa mwenye baa aketi katika msiba wa Mkristo, nami nikamwambia aketi mbele, akakataa akaketi nyuma. Tunawashukuru wanakwaya walioniambia asubuhi hii, mmoja mmoja, wakinong'ona, kwamba wataimba, lisomwe lolote. Semeni kwa sauti, hakuna wa kuwachapa.

Ndugu yangu Ishmael Wepukhulu, mwana wa Nalianya na Nereah, mume wa Sella, baba wa Rodah, wa Nereah na wa Elam, fundi wa visahani vya majivu, pumzika kwa amani, na ukisikia mahali popote sauti inayoomba msamaha kwa jina lako, ujue si yako, uendelee kulala.